Kufufua manifodi ya ekzosti ya Camaro ya 1969: bolti, nyufa na vali ya joto

Camaro ya Chevrolet yenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ikianza kulia tik-tik-tik asubuhi na mlio ukafifia injini inapopata moto, mwenye gari huambiwa mara moja: toa hizo manifodi kuukuu (vyuma vinavyokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba), weka badala yake hedas, yaani mabomba membamba ya kila silinda. Ushauri huo siukubali. Manifodi za chuma cha kusubu zilizotoka kiwandani zimepita miaka 50 na nyingi bado ni nzima. Kinachochakaa ni vitu vidogo vinavyozizunguka: bolti za ncha, stadi (bolti zisizo na kichwa) tatu za chini, gasketi ya duara inayokaa kati ya manifodi na bomba, na vali ya joto upande wa abiria. Hedas nazo zina matatizo yake. Zinachoma waya za plagi, zinaipikia stata, zinaning'inia karibu na ardhi, na zinaliondolea gari kitu ambacho mnunuzi anayejua atainama kukitafuta.

Nimeandika nikiifikiria Camaro ya 1969, lakini karibu yote yanafaa Chevelle, Nova na Impala za miaka hiyo zenye injini ndogo ya V8 ya Chevrolet. Pale Ford au Chrysler wanapotofautiana sana nitasema.

Hakikisha unachosikia

Mlio wa ekzosti na mlio wa tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali za injini, unafanana, na injini zimefunguliwa bure kwa kuuchanganya. Wa ekzosti huwa mkubwa injini ikiwa baridi na unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo. Chuma kikitanuka kwa joto, mwanya unajiziba. Wa tapeti hufuata presha ya oili na kasi ya injini, wala haujali sana kama unapanda mlima au unashuka.

Chukua mpira wa maji wa urefu wa mita moja hivi. Ncha moja weka sikioni, nyingine ipitishe taratibu kwenye mshono wa manifodi na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), mbali na feni na mikanda. Palipo na uvujaji utasikia pumzi inayopiga. Ukiishuku silinda fulani, zima injini, chomoa waya wa plagi yake na uufunge kwenye chuma cha injini, kisha washa kwa sekunde chache. Mlio ukipungua au ukipotea, ni ekzosti, kwa sababu silinda hiyo haisukumi tena moto wa mlipuko.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji hata kuwasha injini. Chukua mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo wa kupuliza, ingiza hewa kwenye bomba la nyuma, zungushia matambara. Gari likiwa na mabomba mawili, ziba la pili. Halafu nyunyizia maji ya sabuni kwenye mishono yote. Povu litakuonyesha hata ufa mwembamba kama unywele, na mikono yako haiungui. Tia alama kwa chaki kila palipotoa povu.

Kazi hii usiiahirishe ukidhani ni kelele tu. Ukuta unaotenganisha injini na abiria kwenye magari haya una matundu mengi ya waya, na mpira wake wa kuzibia ulikwishakauka. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, haina harufu. Gari linalovuja lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, na hita yake isifunguliwe njiani.

Kwa nini huchakaa

Manifodi ya urefu wa nusu mita ikipanda joto kwa nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka zaidi ya milimita 2. Silinda hedi, inayopozwa kwa maji, hairefuki hata nusu milimita. Tofauti hiyo lazima iende mahali, na inakwenda kwenye ncha: manifodi huteleza juu ya uso wa hedi ikizivuta bolti za mwanzo na mwisho kila unapowasha na kuzima. Ndiyo maana bolti zinazokatika ni za ncha, za kati hukatika mara chache. Na ndiyo maana mtu anayezikaza za ncha kwa nguvu zake zote ndiye anayezivunja.

Kuna sababu mbili nyingine ambazo watu huzisahau, halafu baada ya mwaka manifodi iliyotengenezwa vizuri inavuja tena.

Ya kwanza ni mipira ya kushikilia injini. Desemba 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliyaita yarudi kutengenezwa magari yake takriban milioni 6.7, mengi yakiwa Chevrolet za 1965 hadi 1969, Camaro zikiwemo, kwa sababu mpira huo uliweza kuachana na chuma chake, injini ikanyanyuka upande mmoja dereva anapokanyaga mafuta. Yalifungwa kizuizi cha kuishikilia injini isiinuke. Injini inayoinuka hulivuta bomba la moshi, na bomba huvuta masikio ya manifodi. Kwa hiyo kabla hujanunua gasketi hata moja, fungua boneti, mwenzako ashike breki na akanyage mafuta kidogo gari likiwa kwenye gia. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka, anzia hapo. Kagua pia vishikizo vya bomba chini ya gari.

Ya pili ni taimingi (wakati plagi inapowasha moto) iliyochelewa, au bomba dogo la vakyumu la kwenye distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi, lililopasuka. Moto ukichelewa kuwashwa, mafuta huendelea kuungua ndani ya manifodi, na joto linalopaswa kusukuma pistoni linakwenda kupika chuma. Manifodi inayong'aa nyekundu usiku inakuomba taa ya taimingi.

Kulegeza bolti bila kuzikata

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo nataka upoteze muda.

Vipimo ni vya inchi, vya milimita havina kazi kwenye gari hili. Bolti ni za inchi 3/8 zenye nyuzi (mikato ya skrubu) 16 kwa inchi, sita kila upande, na vichwa vyake huchukua soketi ya 9/16. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwani kutu imekula kona za vichwa na ya kumi na mbili itazimaliza.

Tenganisha betri. Piga picha za waya za plagi na njia zinamopita. Kwa brashi ya waya, safisha kila kichwa cha bolti na kila nati ya chini, kisha nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu. Usifungue kitu siku hiyo. Kama gari bado linatembea, nyunyizia jioni likiwa la vuguvugu, liendeshe kesho yake, nyunyizia tena likipoa, rudia hivyo kwa siku kadhaa. Mafuta hayaingii kwa nguvu; huingia nyuzi zinapotanuka na kusinyaa.

Siku ya kufungua, zikunjue kwanza zile kufuli za bati kwenye bolti za ncha kama bado zipo. Kisha anza kwa kukaza, si kulegeza: msukumo mdogo wa kwenda mbele hadi usikie bolti imeshtuka. Ikishtuka, rudi nyuma robo mzunguko, nyunyizia, kaza kidogo, legeza kidogo zaidi. Bolti ikirudi nyuma kwa ugumu unaoongezeka, simama. Kutu iliyosagika imejaa kwenye nyuzi, na ukilazimisha itakatika.

Ile inayokataa kabisa ipashe moto kwa tochi ya gesi, ukielekeza moto kwenye chuma kinachoizunguka, kisha gusisha mshumaa kwenye shingo ya bolti. Nta itayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi kuliko mafuta yoyote ya kopo. Kabla hujawasha tochi, futa mafuta yote uliyonyunyizia, ondoa waya za plagi, jua bomba la petroli na la breki yako wapi, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu. Upande wa abiria pampu ya petroli iko mbele chini ya injini. Huko moto usielekezwe.

Nati tatu za chini zinazofunga bomba mara nyingi ni za shaba nyeupe, na huo ndio mpango wa kiwanda, kwa kuwa shaba haikamatani na chuma. Ukikuta mtu aliweka za chuma, usizihurumie. Zipasue kwa patasi au zikate kwa diski, kisha ubadilishe stadi zote tatu. Stadi ni rahisi, sikio la manifodi halina spea.

Bolti ikikatika

Itakatika moja, hasa ya nyuma kabisa karibu na ukuta. Usikimbilie ule msumari mgumu wa kuchomolea bolti. Chuma chake ni kigumu kuliko keekee yako, na ukikatikia ndani umegeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya kuvua silinda hedi.

Kama kipande kimechomoza, toa manifodi, weka nati juu ya kipande hicho, mwite fundi wa kuchomelea aijaze nati kwa ndani. Joto la kuchomelea hupita katikati ya bolti na kuvunja kutu. Iache ipoe hadi ising'ae, kisha ifungue taratibu kwa spana. Kipande kilicholingana na uso wa hedi huanza na washa kwanza, halafu nati juu ya washa. Uchomeleaji wa kwanza ukikatika, rudieni. Kila joto linalegeza zaidi.

Kipande kilichozama ndani kinahitaji kutobolewa katikati hasa. Tafuta keekee zinazokata kinyume, yaani kwa kuzunguka kushoto, kwani mara nyingi zenyewe huitoa bolti kabla hujamaliza kutoboa. Anza na ndogo. Manifodi yenyewe inaweza kukuongoza: ifunge kwa bolti nyingine, ingiza kipande cha bomba dogo kwenye tundu lake ili keekee isitangetange. Ukilazimika kukata nyuzi upya, tundu la bolti ya 3/8 yenye nyuzi 16 hutobolewa kwa keekee ya 5/16. Nyuzi zikiwa zimeharibika, weka koili ya nyuzi ya chuma kisichoshika kutu.

Wenye injini kubwa za Chrysler, 383 na 440: baadhi ya matundu ya stadi hupenya hadi kwenye maji. Punguzeni maji ya rejeta kwanza, na wakati wa kurudisha stadi hizo zipakwe gundi ya kuzuia kuvuja. Kwenye Chevrolet hii hakuna maji huko.

Kukagua manifodi ikiwa mezani

Kabla ya kitu chochote soma namba za kusubia mgongoni mwake, ziandike. Chevrolet walitumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, ikifuatwa na siku, na mara nyingine tarakimu ya mwaka. Tarehe iliyotangulia kidogo tarehe ya kuundwa kwa gari ni dalili kwamba manifodi hiyo ilizaliwa na gari hilo, na inastahili fedha ya ziada kuitengeneza badala ya kutupwa.

Isugue hadi chuma kionekane. Ining'inize kwa waya na uigonge kidogo kwa nyundo: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Halafu ioshe kwa mafuta ya taa, ikae kidogo, ifute ikauke, ipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia zaidi shingo kati ya matundu na mizizi ya masikio ya bolti.

Kisha weka rula nene ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote za matundu na ujaribu kupitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ikipita ya inchi 0.010, yaani robo milimita, ipeleke kwa fundi wa mashine aisawazishe. Mwambie asawazishe nyuso zote kwa pamoja kama uso mmoja, na aondoe kidogo iwezekanavyo. Tupa ya mkono ni ya kuondoa masizi na vijinundu tu, haiwezi kunyoosha manifodi.

Wakati mwingine utakuta matundu ya ncha hayalingani tena na ya hedi, kwa kuwa chuma kilibaki kimesogea baada ya miaka ya kuvutwa. Yapanue hayo ya ncha kwa kiasi kidogo. Bolti ipite kwa uhuru, manifodi ipate nafasi ya kuteleza.

Baadhi ya manifodi za 1969 zina vitundu vinne vya mfumo wa kupuliza hewa uliokuwa wa kupunguza uchafuzi. Mabomba yake mengi yaliondolewa zamani na kuzibwa kwa plagi za chuma. Hizo nazo huvuja, ulizipimia sabuni?

Ufa

Ufa mfupi kwenye ukuta wa nje unatengenezeka. Ufa uliokata sikio la bomba au kuzunguka shingo yote, mimi ningetafuta manifodi nyingine ya namba ileile.

Chuma cha kusubu hakichomelewi kama bodi ya gari. Toboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho wa ufa usiendelee, chimba mfereji kando ya ufa wote, pasha manifodi nzima joto kwa usawa, kisha tumia fimbo za nikeli. Mshono uende vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, na kila kipande kigongwe kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto ili kisivute kikisinyaa. Ikiisha, izike kwenye mchanga mkavu au majivu hadi kesho yake. Manifodi iliyopozwa kwa upepo au kwa maji hupasuka pembeni ya mshono, tena kwa mlio unaousikia. Baada ya kuchomelea, pima tena unyofu wake. Usawazishaji wa mashine huja mwisho, si kabla.

Simenti ya ekzosti ya kopo inakufikisha nyumbani, basi. Na kuunga kwa shaba nisingekushauri: shingo ya manifodi hupata joto linalokaribia kuilainisha shaba hiyo.

Vali ya joto

Chini ya manifodi ya upande wa abiria kuna kibati kinachozunguka kwenye mhimili, chenye kizito nje na springi ya madini mawili. Injini ikiwa baridi hujifunga na kuusukuma moshi wa moto upite kwenye njia iliyo ndani ya manifodi ya juu (ile ya kuingizia hewa na petroli), chini ya kabureta, ili petroli igeuke mvuke na springi ya choki ipate joto. Injini ikipata moto, hufunguka.

Ikikamata ikiwa imefunguka, injini huchelewa kuchangamka asubuhi, basi. Ikikamata ikiwa imefungwa, moshi wa silinda nne unapita pasipopaswa: rangi ya manifodi ya juu inaungua katikati, petroli inachemka kwenye kabureta, nguvu zinapotea kwenye kasi kubwa, na manifodi uliyoihangaikia inapasuka tena. Ijaribu injini ikiwa baridi kabisa. Kizito kizunguke kwa vidole bila kukwama na springi ikirudishe. Kikikwama, nyunyizia mafuta yenye grafaiti kwenye ncha za mhimili na uugonge kwa nyundo ndogo, kulia na kushoto, ukiuzungusha hapo katikati. Mhimili uliolegea hadi unacheza nao huvuja na hutoa mlio wa njuga. Huo badilisha vali nzima, ukipima kwanza kipenyo cha mdomo wa manifodi.

Kwa anayeishi Muscat au Mombasa, ambako asubuhi ya baridi kali haipo, badala ya vali funga kipande cha pete cha unene uleule. Kwa wa Chicago au Toronto, vali irudishwe ikifanya kazi.

Kufunga

Kwenye injini nyingi za aina hii kiwanda hakikuweka gasketi kati ya manifodi na hedi. Chuma kilikaa juu ya chuma, kikateleza kwa uhuru. Nyuso zako zikiwa zimesawazishwa vizuri, unaweza kufunga vivyo hivyo. Hedi ikiwa na mashimo ya kutu, tumia gasketi nyembamba yenye uso wa chuma, na uso huo uelekee manifodi ili upate kutelezea. Usiongeze silikoni.

Safisha nyuzi za hedi, paka kila bolti grisi ya kuzuia kukamata inayovumilia joto kali, yenye nikeli au shaba. Ingiza bolti zote sita kwa vidole kwanza. Isiyoingia kwa vidole haikazwi, hadi ujue inagusa nini. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili: za kati futi-pauni 30, yaani Nm 41 hivi, za ncha futi-pauni 20, yaani Nm 27. Kwa mkono wa kawaida 20 itaonekana ndogo mno. Iache hapohapo. Kisha kunja kufuli za bati kwenye bolti za ncha.

Chini weka gasketi mpya ya duara, stadi mpya na nati za shaba. Kaza nati tatu kwa zamu, zamu ndogo ndogo, ukiangalia mwanya wa flanji, ule mdomo bapa wa bomba, uwe sawa pande zote. Bomba likihitaji kuvutwa kwa nguvu ili lifike, limepinda au injini imeshuka kwenye mpira wake, na sikio la manifodi ndilo litakalolipa.

Rudisha waya za plagi kwenye vishikizo vyake, mbali na chuma. Washa nje. Kama uliipaka manifodi rangi mpya ya joto kali, itatoa moshi na harufu. Iache injini ifanye kazi dakika chache, izime, ipoe, washa tena kwa muda mrefu zaidi. Baada ya safari chache, injini ikiwa baridi, pitia bolti zote kwa spana ya torki kwa vipimo vilevile, ni kweli utalazimika kuzikunjua kufuli na kuzirudisha, lakini ifanye. Kisha rudia kipimo cha sabuni mahali pale ulipotia chaki. Na kila unapobadilisha oili, injini ikiwa baridi, zungusha kizito cha vali ya joto kwa vidole na ukipe tone la mafuta ya grafaiti.